Sungura Wawili Katika Hodhi Kavu

...na bado hakuna aliyemlamba mwenzake, dakika ya sita sasa au ya saba, simu ya Mai inahesabu pale kwenye ukingo wa sinki lakini sitaki kuitazama, nawatazama wao, Wanda upande wa bomba la maji, Otis upande wa pili, wamekaribiana mpaka sharubu zinagusana, na wote wawili wameinamisha vichwa mpaka videvu vimelala juu ya taulo, nisingewajua ningesema wanaombana radhi, wazee wawili wapole waliochoka na dunia, lakini thubutu, Mai alinifunza siku ile ya kwanza aliponiletea Wanda na Stosh katika kikapu kimoja, alisema sungura akiinamisha kichwa mbele ya mwenzake usimwonee huruma, mama, huyo haombi, anaamuru, anasema nilambe wewe kwanza maana mkubwa hapa ni mimi, na siku ile nilicheka, nikasema basi wamefika kwao, nyumba hii sote tuko hivyo, na Bernadette aliyekuwa amesimama mlangoni na sahani ya keki akasema, "Jisemee mwenyewe, Lu"... Bernadette, hapana, simtaki sasa, niwaangalie hawa, goti limeanza kuuma, sakafu ya bafuni si mahali pa kukaa mwanamke wa miaka sabini na mmoja mwenye goti la chuma, nimeegemea bomba la joto, lile la kupasha nyumba, na mguu nimeunyoosha chini ya sinki, na Mai amekaa juu ya mfuniko wa choo, mkono mmoja ameuvika glavu yangu ya kutolea mikate kwenye oveni, mkono wa pili ameshika kalamu, yuko tayari kuwatenganisha wakirukiana, maana sungura wakipigana si mchezo, watu hudhani ni pamba zenye masikio, hawajamwona akimchana mwenzake tumbo kwa miguu ya nyuma, ndiyo sababu huwa tunawakutanisha ndani ya hodhi la kuogea, kavu, mahali pasipo na mwenyewe, nyumba hii yote ya juu ni ya Wanda, sebule yake, jikoni kwake, chini ya kitanda changu amekojoa pembe zote nne kuweka mipaka, hodhi tu ndilo hajawahi kuingia, humu naye mgeni, hakuna wa kumwambia mwenzake toka kwangu, na Mai anasema kitu, anasema, "Mama Lu, hapa nimwandike nani?" na mimi nasema, "Subiri, wamesogea," wakati hawajasogea hata unywele.

Anajua hawajasogea. Ana macho. Mai Xiong amewakutanisha sungura wengi kuliko padri alivyofungisha ndoa, mchana anasafisha meno ya watu kliniki, jioni na siku za mapumziko anazunguka Milwaukee nzima na vizimba kwenye gari, na kila mara gari linanuka nyasi kavu na mkojo na mumewe anasema siku moja atachagua, yeye au sungura, na Mai humwambia, "Usinilazimishe, baba, utaumia," ... na sasa karatasi iko gotini mwake, ya aina ileile niliyotia sahihi miaka minne iliyopita kwa ajili ya Wanda na Stosh, inaitwa ya malezi ya kudumu, yaani sungura anabaki kuwa wa kikundi cha kina Mai cha kuokoa sungura, daktari na dawa ni juu ya kikundi, juu yangu ni nyumba na mikono mpaka siku yake ya mwisho, kwa sababu hawa ndio ambao hakuna atakayekuja kuwachagua, walishaacha hata kuwatangaza, nani anataka sungura wa miaka tisa mwenye nyonga mbovu na mtoto wa jicho, nani anataka Otis, ambaye ugonjwa uliingia sikioni ukamwachia kichwa kimelala ubavu, jicho moja linaona dari na jingine linaona sakafu, na akishtuka anazunguka na kuzunguka mpaka umzuie kwa kiganja, alikuwa zawadi ya Pasaka ya watoto wa mtu, huku kwetu watoto hununuliwa sungura Pasaka kama midoli, kichwa kilipopinda wakamwacha ndani ya boksi la viatu nje ya mahali pa kuoshea magari, na mtu mzima alikaa akalitoboa boksi matundu ya hewa kwanza, hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote, matundu, alikuwa na muda wa matundu... na angalia anavyoinamisha kichwa sasa, hata kuamuru kwake kumekwenda upande, lakini anaamuru, mzee huyu, hana makosa, nampenda tayari, Mungu wangu, nampenda tayari na karatasi haijaandikwa.

Kwa sababu kuna mstari ule. Mstari wa chini, mtu wa akiba, jina na simu, mwenye ufunguo wa nyumba, atakayewachukua ukilazwa au ukifa, na kikundi hakilegezi hapo, walilegeza zamani wakakuta sungura watatu wamekaa siku tano na maiti ya bibi mmoja, na mimi siwalaumu, na Mai anasema tena, kwa upole, upole wake ndio mbaya, "Si mimi, mama, ni kanuni, bila jina lazima nimrudishe leo, na pale kwetu Pasaka ikipita, unajua," najua, kila mwaka baada ya Pasaka wanaletwa kwa maboksi, vizimba vyote lazima viwe wazi, na wazee kama Otis husukumwa vyumba vya kufulia nguo vya watu wema, juu ya mashine, gizani, wanazunguka wenyewe huko na hakuna kiganja... miaka minne iliyopita sikufikiri hata sekunde, niliandika Bernadette, dada, anaishi ghorofa ya chini, nikamkabidhi na ufunguo ambao alikuwa nao tayari tangu mama alipokuwa hai, na yeye akasema, "Ukifa mimi nawala hawa kwa viazi," halafu nikamkuta siku ya tatu amekaa sakafuni, Stosh kalala mapajani mwake na redio imewekwa muziki wa polka kwa sauti ya chini, anamwambia, Stosh, huyu anayepiga kodiani nilisoma naye.

Na ndiyo hiyo redio naisikia sasa, kupitia sakafu, hapa bomba la joto linapopita kuna tundu na sauti zote za chini hupanda, redio, bomba la maji, mafuta kwenye kikaango, ni Ijumaa, ni Kwaresima, anakaanga samaki, harufu imefika, Wanda pua yake inacheza, "Nani anapika vizuri hivyo?" anasema Mai, na mimi nasema, "Jirani," na Mai ananitazama, anamjua Bernadette, amekula samaki yuleyule kwa sahani ileile, anarudisha macho kwenye hodhi... jirani, nimemwita dada yangu jirani, miezi minne hatusemeshani, tangu mwisho wa Novemba nilipokwenda kuwekewa goti, siku mbili tu hospitali, asubuhi ya kurudi kwangu Bernadette akapanda kuwapa nyasi akamkuta Stosh amelala pembeni ya sanduku lao amekwisha kuwa baridi, na Wanda hakuwepo pale, alikuwa amelala chini ya kitanda changu, hakujua, na Bernadette akafikiri, huyu mdogo wangu anarudi na magongo, asije akakuta maiti, akamchukua, akamzika kwenye ua karibu na uzio kabla ardhi haijaganda, na nilipofika amenipikia supu na uso wake umevimba kwa kulia, akaniambia, na mimi nikauliza swali moja tu, "Wanda alimwona?" akasema, "Amwone wa nini, Lu, nimemwepusha"... amemwepusha.

Mtu asiyefuga hawa hawezi kuelewa, lakini sisi wote tunajua, mmoja akifa unamwacha na mwenzake kwa saa mbili, tatu, unafunga mlango unawaacha, yule aliyebaki atamnusa, atamlamba masikio, wengine hupanda juu ya mwili wakakaa, wengine huruka kwa hasira, halafu wakati wake ukifika anaondoka mwenyewe, anakwenda kula, amejua, na asipoonyeshwa anatafuta, Wanda alitafuta mpaka Krismasi, kila asubuhi anapita pembe kwa pembe na nyonga zake zile, nyuma ya kochi, chini ya meza, anasimama mlangoni mwa ngazi amenyanyua masikio, nikawa namwambia hayuko, mama, hayuko, na yeye ananipita, akaacha kula, nikamlisha uji wa majani kwa bomba la sindano siku kumi na moja, nikakaa nachunguza vinyesi vyake kama mganga, na kila nilipomwona amesimama pale mlangoni nilimchukia Bernadette upya, nilimchukia vizuri, kwa uangalifu... lakini maneno niliyasema siku ileile, kwenye ngazi, na magongo mikononi, nikamwambia umemtupa shimoni kama takataka, nikamwambia hujui kukaa na kiumbe chochote, ndiyo maana Ray alikukimbia, na yeye alikuwa anasema kitu, mdomo wake ulikuwa unaenda, sikusikia, nilikuwa nasema mimi... Ray, mumewe, miaka kumi na tisa imepita tangu aondoke na sijawahi kumtaja Ray, hata nikiwa nimekunywa, nililiweka hilo miaka yote hiyo na kumbe nililiweka kwa ajili ya siku ile.

"Amepepesa," anasema Mai, "Wanda, umeona, sikio limelegea," na ni kweli sikio la kushoto limelala kidogo, lakini kichwa hakijanyanyuka, hapana, Wanda hatalamba kwanza, Wanda hajawahi, kati yake na Stosh aliyelamba kwanza alikuwa Stosh kila siku, aliomba radhi kwa makosa ambayo hakuyafanya, mnyama yule, na Otis naye ametulia, jicho la dari linanitazama mimi, unaniangaliani, mzee, mimi sina la kukusaidia, miaka ishirini na tisa nimeendesha basi la shule, watoto sitini, wakipigana nilisimamisha basi nikageuka nikawaambia nani ameanza sitaki kujua, nataka kujua nani anamaliza, na walinishangaa, na kuna aliyemaliza kila mara, na kwa kawaida alikuwa mdogo kuliko wote... Ijumaa ya kwanza ya Kwaresima nilifungua mlango nikakuta sahani kwenye ngazi ya juu, imefunikwa karatasi ya fedha, samaki, mkate mweusi, kabichi, vyote, nikaiacha mpaka ikapoa halafu nikaishusha mguu kwa mguu na goti hili nikaiweka mlangoni kwa Bernadette bila kufunua, Ijumaa ya pili nilikula, njaa haina aibu, nikaosha sahani nikairudisha kimya, Ijumaa ya tatu hakukuwa na sahani, na nilikasirika, hebu fikiria, nilikaa mezani nimekasirika kwamba hakuna sahani, na kila nikikutana naye chini kwenye visanduku vya barua naangalia sakafu, nainamisha kichwa napita taratibu ili aone goti, ili aone nilivyoumia, nikadhani huo ni unyenyekevu, nikadhani yeyote mwenye macho ataona mwanamke aliyepigwa na maisha anapita... kumbe ni nini hiki ninachokitazama humu ndani ya hodhi, Lucille, videvu viwili juu ya taulo, hawa hawaombi, wanaamuru, miezi minne nimepita mbele ya dada yangu nimeinamisha kichwa namwambia nilambe wewe kwanza.

Na alishalamba, sahani mbili.

Angejuaje, ndilo swali, angejuaje kuhusu kumwacha Stosh na Wanda, nimejiuliza kwa hasira miezi yote hii na sijawahi kujijibu, mtu huyu alipika keki sisi tulipokuwa tunafundishwa mambo ya sungura, nilimwandikia karatasi kabla ya kwenda hospitali, kurasa mbili, niliibandika kwenye friji na bado ipo, nyasi asubuhi na jioni, dawa ya nyonga ya Wanda nusu ya mstari wa kwanza wa bomba la sindano, giligilani ndiyo, karoti hapana hata wakikutazama, taulo likunjwe hivi, Stosh asibebwe kwa mgongo, redio waachie, simu ya daktari, simu ya Mai, kila kitu, na lile moja sikuandika, nilikuwa nimeshika kalamu mezani jikoni, nilifika pale, nikaandika namba nane, nikaandika, mmoja akifa, halafu nikaikata, nikaikata mara tatu mpaka karatasi ikachanika kidogo, kwa sababu Stosh alikuwa amekaa miguuni mwangu ananivuta soksi na nikaona nikiandika nitaliita, ujinga gani huo, mwanamke mzima aliyeendesha basi kwenye barafu, nikakata, nikaweka namba nane ni maji safi kila asubuhi, halafu Bernadette akafuata karatasi yangu, neno kwa neno, na palipokuwa na tundu akaweka moyo wake... na alikuwa anasema kitu pale kwenye ngazi, mdomo ulikuwa unaenda, ni nini alikuwa anasema, nilikuwa nasema Ray na yeye alikuwa anasema nime, nimemfunga, nimemfunga na kile, na kile cha mama, Lu, cha Pasaka... kitambaa, kitambaa cha meza cha mama chenye maua mekundu ya kudarizi, tulichokigombania mama alipokufa, tukarusha sarafu na akashinda yeye na nikanuna mwaka mzima, mwaka huu sijui atatandika nini Pasaka, kimo ardhini karibu na uzio, amekivika sungura, nami nilimwambia kama takataka.

"Mama Lu," anasema Mai, "unalia au goti?" na mimi nasema, "Goti," na yeye anavua glavu ananipa karatasi ya choo, mkono mrefu, bila kushuka pale alipokaa, na anasema polepole, "Wasipopatana leo si mwisho, tutawagawia chumba kwa uzio, watanusana kupitia waya, wiki tatu, wiki sita, nimeona waliochukua miezi saba, hawa hawana haraka na mimi sina haraka nao, ni mstari huu tu," na anaugonga kwa kalamu, na nauona, mweupe, mrefu, ungeweza kuingiza hata majina matatu, na naweza kumtaja mwanamke mmoja wa kanisani, naweza kumtaja hata mwenye gereji ya mtaani, wangekubali, na Otis angebaki, na ningekaa juu hapa na sungura wawili na harufu ya samaki wa mtu mwingine kila Ijumaa mpaka nife, na atakayenikuta angekuwa na ufunguo lakini asingejua nyimbo za redio wanazozipenda... hapana, nasema moyoni, hapana, na najikuta nimeshika brashi ya kusugulia mgongo, ya mbao, ilikuwa pale kwenye ukingo wa hodhi muda wote.

Mama alikuwa anatumia mpini wa ufagio, yeye chini sisi juu, akigonga bomba hili mara moja maana yake nyamazeni, mara tatu njooni mbio, mara mbili kahawa iko tayari, na mama alipokufa na Ray alipoondoka Bernadette akahamia chini akaendelea, mara mbili kila asubuhi miaka kumi na tisa, mpaka Novemba, tangu Novemba bomba limekuwa la joto tu. Nagonga. Mara mbili, mbao juu ya chuma, na ni kelele kubwa kuliko nilivyokumbuka, Mai anaruka, Wanda na Otis masikio yote manne juu kwa pamoja, matatu na nusu, na nanyoosha mkono kwa Otis asianze kuzunguka lakini hazunguki, amesogea nusu hatua, amejibana ubavuni mwa Wanda kwa kuogopa na Wanda hajamng'ata, wanasikiliza, halafu taratibu vichwa vinashuka tena, vyote viwili, videvu kwenye taulo, wakaidi wale, hakuna aliyemlamba mwenzake, "Nani sasa?" anauliza Mai, amekamata kalamu, na nasema, "Andika Bernadette, ila andika kwa penseli kwanza," anasema hana penseli, nasema, "Basi ngoja," na tunangoja.

Chini redio imepunguzwa. Mafuta yanachemka bado, hajaondoa kikaango, amesimama tu, namjua, amesimama katikati ya jikoni na kijiko mkononi ameinua uso kuangalia dari, anafikiri nimeanguka, au anafikiri amesikia vibaya, au anafikiri aache nigonge tena, ana haki, ana haki zote, na mimi kahawa sina, sijachemsha, nimegonga kahawa na birika tupu, nainamisha uso mpaka karibu na lile tundu la bomba, pua yangu kwenye vumbi la miaka yote, na harufu ya samaki inanijia usoni moja kwa moja, na bado sijui nikitoka kwenye sentensi ya kwanza nitaingia wapi, lakini ya kwanza ninayo.

"Bern," nasema. "Ile karatasi ya friji. Kuna kitu sikukuandikia."